Mzigo Uliokwisha Kuondoka

Leh, 12 Septemba 1996

Jule, salamu nyingi, Ache Putit, dada yangu,

Sisi hatujambo. Barua hii anakuletea dereva wa lori la saruji. Usimpe pombe ya shayiri nyingi, ana kona za kurudi nazo.

Mwaka huu nakuja majira ya baridi. Usicheke. Najua nimesema hivyo kila mwaka tangu mama yupo, lakini safari hii nimekwenda hadi kwa mnajimu. Amefungua vitabu vyake, amekuna kichwa, amesema nyota zangu kwa safari ya kusini ni mbaya baridi yote. Siku njema ni moja tu, tarehe ishirini Oktoba, na siku hiyo mto utakuwa bado unakwenda mbio. Kwa hiyo nitafanya kama alivyofanya baba alipokwenda kuhiji: siku hiyo nitautoa mzigo wangu nje, niuweke kwa jirani yetu Chorol, na itahesabika nimeshaondoka. Mwili utaufuata mzigo Januari, mto ukishaganda ukawa barabara. Mke wangu Kunzes anasema basi kuanzia hiyo tarehe ishirini hanipikii, maana sipo.

Ache, nimekuja kwetu majira ya joto mara nyingi, lakini majira ya joto kwetu hakuna mtu. Wote mko mashambani. Nikisalimia, mnanipa mundu. Mimi nataka kile chumba cha chini. Nataka kukaa kwenye mstari, baba karibu na jiko, kisha mama na sufu yake, kisha kaka, kisha wewe, na mimi mwisho kabisa, mgongo kwenye ule ukuta wa mbao, na ndama upande wa pili akinilamba sikio. Hapa Leh nina majiko sita dukani, nimeyatengeneza kwa mikono yangu, na bado sijawahi kupata joto kama lile. Wewe ulikuwa unatuhadithia habari za yule jini wa darajani, halafu unanyamaza palepale pabaya ili ukaangalie njegere kama zimeiva. Naona ulikuwa unafanya makusudi.

Kunzes haji. Barafu si ya watu wa Leh. Wakiteleza hutafuta mtu wa kumlaumu. Lakini anakusalimu.

Jambo moja. Nipimie tundu la moshi la chumba cha chini, upana wake, na kimo kutoka sakafuni. Nina mteja anajenga nyumba ya mtindo wa kwetu, ananisumbua.

Mdogo wako,
Morup

*

Shamkar, 30 Septemba 1996

Morup, fundi wa mabati,

Dereva wako amekunywa alichokunywa, kama barua hii haikufika muulize yeye.

Nimefurahi, lakini sitasema sana, maana ukishindwa tena kuja nitaonekana mjinga mbele ya kijiji kizima. Mwaka juzi nilimwambia Yangdol jirani kwamba ndugu yangu anakuja, na mpaka leo akiniona ananiuliza, "Vipi, mdogo wako bado yuko kona ya mwisho?"

Hapa shayiri tumeshavuna, kidogo kuliko mwaka jana. Nimepanda juu ya paa nikakupimia hilo tundu lako. Upana ni shibiri moja na vidole vitatu, kwa shibiri yangu, na ile kamba niliyoifunga ndani ya karatasi ndicho kimo. Ilibidi kwanza nitoe kiota cha kunguru. Mwambie mteja wako aniletee sukari.

Chumba cha chini kipo. Theluji ya kwanza ikikaa tutaingia kama siku zote. Ukuta wa mbao upo, na ndama yupo, si yule bila shaka, ila ulimi ni uleule. Hadithi ya jini nimeisahau katikati, wewe ndiye utakayenikumbusha. Watoto wangu wanakusalimu. Kila mtu yuko mahali pake, na mahali pako pale mwisho hakuna anayepagusa.

Kanyaga barafu kama bata, usinyanyue miguu. Nakuambia kwa sababu umeishi sana na watu wa lami.

Mwambie wifi yangu asikonde kwa ajili yako. Majira ya baridi bila mume mwenye kukoroma ni mapumziko.

Dada yako,
Putit

*

Leh, 22 Desemba 1996

Wifi yangu mkubwa, Ache Putit,

Najua ulishaisikia habari ya Morup kwenye redio ya kijiji, maana niliwaomba waitangaze mara mbili. Nisamehe kwamba ulisikia kwa sauti ya mtu asiyemjua. Lori la mwisho lilikuwa limeshapita, na barua hii nayo itasubiri helikopta.

Alianza na kikohozi siku chache baada ya mzigo kutoka. Alisema ni vumbi la bati. Kisha kikashuka kifuani. Hospitali walifanya walichoweza, na mimi nilikuwa naye. Siku ya mwisho aliniuliza kama mto umeganda. Nilimwambia unaanza. Haukuwa umeanza.

Walama wamemsomea mpaka siku ya arobaini na tisa. Watu wananiambia nisilie, kwamba machozi humnyeshea aliye njiani yakawa mvua ya mawe. Nafanya ninavyoweza. Nikizidiwa nakata vitunguu. Chorol amegundua, jana kaniletea kikapu kizima, akasema, "Kata tu, dada, mimi pia nina vya kwangu nyumbani."

Sasa nikuambie jambo linalonisumbua. Siku ya kugawa vitu vyake tuligawa vyote kama inavyotakiwa. Joho lake zuri limekwenda kwa watawa, viatu kwa mchunga mbuzi, majiko yamenunuliwa na pesa zimekwenda kwenye taa za siagi. Kitanda nimekigawa, nalala chini. Jioni Chorol akaja, akakaa, akanywa chai bila kukataa hata mara moja, nikajua kuna jambo. Akasema, "Kunzes, ule mzigo bado uko kwangu."

Nilikuwa nimeusahau. Wote tulikuwa tumeusahau. Haukuwa kati ya vitu vyake, maana ulishaondoka.

Nikaenda kwa mnajimu. Mzee wa watu alitikisa kichwa muda mrefu. Akasema mzigo uliotoka siku njema haurudi ndani ya nyumba, wala haufunguliwi njiani. Unakwenda mbele tu mpaka pale ulipokuwa unakwenda. Nikamuuliza, na mwenyewe je? Akasema mwenyewe ametangulia kwa njia nyingine, lakini safari aliyoianza huku iko katikati, na si vizuri kumwachia mtu safari katikati.

Basi nataka kuuleta mimi. Mto ukiganda.

Nimeuona kwa Chorol. Umefungwa na ile kamba yake ya buluu. Ni mzito kuliko nilivyodhani, na ukiuinua kuna vyuma vinagongana.

Hapa nyumbani kumekuwa kimya. Hata kikombe changu cha mbao, kile cha mdomo wa fedha alichonipa mama yangu nilipoolewa, kimepotea tangu Oktoba, nakunywa kwa glasi ya dukani. Nilimlaumu paka wa Chorol. Morup alikuwa ananicheka, anasema paka huyo sasa anaishi kama malkia. Ndiyo mambo ninayoyakumbuka. Makubwa yananiponyoka.

Wifi yako,
Kunzes

*

Shamkar, 6 Januari 1997

Wifi,

Helikopta ilitupa barua zote mahali pamoja, yako ikanifikia imelowa, lakini nimeisoma yote.

Mimi sina vitunguu. Nilipanda kule nyuma kwenye maboma ya mbuzi nikakaa mpaka nilipoona baridi itaniua, nikarudi. Ndivyo ilivyokuwa. Nilimbeba mgongoni mpaka alipofika miaka mitano. Alikuwa mzito na hakutaka kushuka. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kuhusu mzigo, mnajimu wenu amesema kweli, hata wetu huku amesema vilevile. Lazima uje. Lakini usije wewe. Mpe Mjomba Rinchen, huyo aliyekuletea barua hii. Amepita kwenye ile barafu tangu hana ndevu, ataufikisha. Wewe una magoti mabovu, Morup aliniambia. Na watu wa Leh mnajua barafu ya kuweka kwenye mtungi. Huku kuna mahali mtu anapita kwa tumbo chini ya mwamba. Kuna mapango ya kulala ambayo kuni zake ni zile ulizobeba mwenyewe.

Tena chumba cha chini mwaka huu kimejaa sana. Wanangu wote wapo, na wake zao, na ng'ombe kazaa. Hakuna pa kulaza mgeni. Ningeona aibu.

Mpe Mjomba mzigo. Usimkatalie chai yake, yeye hukataa mara saba na ukimwachia hapo hapo hununa.

Putit

*

Leh, 16 Januari 1997

Wifi yangu mkubwa,

Mjomba Rinchen amekaa hapa siku tatu. Nilimsukumia chai mara nane, ili niwe na ziada. Ananuka moshi kama Morup alivyokuwa ananuka kila aliporudi kwenu, nikajikuta nakaa karibu naye kuliko adabu.

Nilimuuliza habari za nyumba yako, wake za wanao na ng'ombe aliyezaa. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Ng'ombe gani?"

Usimkasirikie. Hajui kudanganya, alijaribu, akaanza kukohoa. Mwishowe alisema. Kwamba watoto wako wako jeshini na kwenye kazi za barabara, na hawarudi majira ya baridi. Kwamba ng'ombe ulimuuza. Kwamba chumba cha chini hakijawashwa moto miaka mitatu, maana mtu mmoja hawezi kukusanya samadi ya kulisha jiko baridi nzima, na hata jiko lenyewe lilishaoza. Kwamba unalala kwa akina Yangdol.

Wifi, mimi sioni aibu yoyote hapo. Naona tu kwamba wewe huko ulikuwa unamwashia moto kwa barua, na yeye huku alikuwa anaota moto huo. Alizisoma barua zako kwa sauti. Ile ya ndama mwenye ulimi uleule aliisoma mara mbili, halafu akaikunja taratibu. Nilidhani ni hamu ya kwenu.

Kwa kuwa wewe umefunuliwa, na mimi nijifunue. Sitaki kumpa Mjomba mzigo, kwa sababu vile vyuma vinavyogongana nadhani ni vifaa vyake vya kazi. Nyundo na mkasi wa bati sikuviona dukani siku ya kugawa. Mtu anayekwenda kutembea habebi nyundo. Hatukupata watoto, Ache, na miaka hii ya mwisho alikuwa anazungumzia nyumbani kwenu kuliko kwetu. Naogopa alikuwa haji kutembea, alikuwa anahama. Nataka nikae mbele ya mzigo ukifunguliwa, nione kwa macho yangu, kisha nijue namna ya kumkumbuka.

Najiandaa. Kila asubuhi natembea juu ya mfereji ulioganda nyuma ya nyumba, kama bata, kama ulivyomwambia. Chorol hukaa ukutani na mume wake wanatazama. Juzi nilianguka, yule mwanamume akapiga makofi, akasema, "Hapo ulikuwa bata kweli!" Nimepata viatu vya mpira vikubwa, ndani nimejaza nyasi kavu. Nimekaanga unga wa shayiri, nimechanganya na siagi, nimeufunga kwenye ngozi. Nimekuwekea aprikoti kavu na sukari ya yule mteja, ambaye nadhani hakuwepo. Magoti nayafunga kwa kitambaa cha sufu, na jioni nayakanda kwa mafuta ya haradali mpaka nanuka kama kachumbari.

Mjomba anarudi kwenu na barua hii, kisha atashuka tena Februari na kundi la wabeba siagi. Nitapanda naye. Ukinikatalia pa kulala, nitalala kwa Yangdol pembeni yako.

Kunzes

*

Shamkar, 28 Januari 1997

Kunzes,

Nimesoma barua yako nikaitupa. Kisha nikaiokota. Kisha nikamwendea Rinchen nikamwambia mdomo wake ni kama tundu la moshi, kila kitu kinatoka. Akasema, "Na wewe lako limezibwa na kunguru." Kijiji kizima kimecheka, na mimi nikacheka, ikawa imekwisha.

Ni kweli yote. Ilianza kwa barua moja tu, mwaka aliokufa mama, akauliza kama bado tunakaa chumba cha chini kwa mstari. Nikasema ndiyo, siku ile ilikuwa kweli. Mwaka uliofuata akauliza tena, na ilikuwa bado robo kweli. Baada ya hapo nikashindwa pa kushukia.

Kama utakuja, njoo. Sikuzuii tena. Siwezi kumpokea ndugu yangu kwa Yangdol, kwenye mstari wa watu wengine. Jana nimefungua mlango wa chumba cha chini. Barafu ilikuwa imeota ndani ya ukuta. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, kitu ambacho sijafanya tangu nizaliwe, nikasema mzigo wa Morup unakuja na sina moto. Hakuna aliyeniuliza swali. Kila nyumba imetoa kikapu cha samadi kavu, Yangdol vitatu, na maneno yake juu. "Sasa mdogo wako amefika kona ya mwisho," akasema, kisha akajifunika uso kwa shela.

Nimewasha kwenye mawe katikati ya sakafu, kama watu wa zamani sana. Moshi unanitoa machozi, na hayo machozi ni ya moshi, hayamnyeshei mtu.

Sasa sikiliza, mtu wa mfereji. Usivae viatu vya kubana. Soksi za akiba zikae tumboni, si mgongoni. Usijifunge mzigo kwa mafundo, tumia kitanzi, ukizama uweze kuuachia. Rinchen akipiga barafu kwa gongo lake ikatoa sauti kama ngoma, pita. Ikatoa sauti kama mtungi mtupu, simama. Akikuambia rudi, rudi, wala usimwoneshe ushujaa. Na kuhusu nyundo, sijui, wifi. Sitakudanganya tena. Tutaona pamoja.

Putit

*

Pangoni, katikati ya Februari

Ache,

Naandika kwa penseli juu ya karatasi ya majani ya chai, vidole havikunjiki.

Tulikwenda vizuri siku ya kwanza na ya pili. Niliteleza mara nyingi, sikumlaumu mtu. Usiku wa jana kukaja joto, na asubuhi mto ulikuwa umefunguka kwenye mwamba. Maji meusi, yanatoa moshi. Wanaume wanapita juu kwa kushika mawe kwa kucha. Nilijaribu. Goti lilikataa nusu ya njia, wakanishusha kwa kamba kama gunia. Mjomba Rinchen alinitazama, akasema, "Binti yangu, hapa unarudi." Kuna watu wanashuka kwenda Leh, watanichukua hadi barabarani.

Mzigo wa Morup haurudi. Mjomba amejifunga mgongoni, kwa kitanzi. Nimeushika kidogo kabla hajaondoka.

Kisha akaniuliza, "Na wako?"

Nilifikiri. Ache, nimempa na wangu. Uchukue. Nabaki na joho nililovaa na unga wa njiani.

Utaufungua wake wewe, mimi sitakuwepo. Niandikie kilichomo. Hata kama ni nyundo.

Kunzes

*

Shamkar, 27 Februari 1997

Wifi yangu Kunzes,

Watu wa siagi wanashuka kesho kwa mara ya mwisho, barafu imeshaanza kuwa kijivu. Naandika haraka na kwa mwandiko mbaya. Mimi ni wa madarasa matatu, utavumilia.

Tuliwangojea mtoni tangu asubuhi. Nilikuwa na birika la chai ya siagi limefungwa kwenye blanketi, na shela nyeupe mbili za kupokelea wageni, moja yake, moja yako. Wakatokea kwenye kona, nikahesabu vichwa. Chako hakikuwepo. Nikadhani mto umekuchukua. Rinchen akaona uso wangu, akapiga kelele kutoka mbali, "Yuko hai! Goti tu! Goti tu!" Mzee yule alikimbia juu ya barafu, Kunzes, yeye ambaye hunifokea nikinyanyua mguu. Akaanguka kwa makalio mbele ya kijiji kizima, mizigo miwili mgongoni, na vyuma vikalia kama kengele za hekalu.

Nikaweka shela zote mbili, moja juu ya kila mzigo.

Tukaingia chumba cha chini. Watu wa nyumba zote walikuja, wakaanza ule ugomvi wetu wa siku zote, kila mtu anataka nafasi ya chini kuliko mwenzake, "Kaa juu wewe," "Hapana, wewe," mpaka chai ikapoa. Ni miaka sijausikia ugomvi huo ndani ya nyumba yangu. Moshi ulikuwa mwingi hatuonani. Nikakata kamba ya buluu.

Juu palikuwa na joho lake la zamani. Chini ya joho palikuwa na nyundo.

Ngoja. Na mkasi wa bati, na misumari kwenye kopo. Na chini ya hivyo, mabati. Kuta nne, mlango mdogo wenye bawaba, mfuniko, na mabomba ya moshi, moja ndani ya jingine ili yasichukue nafasi. Ni jiko, Kunzes. Jiko zima, limekunjwa, linasubiri kugongwa misumari. Rinchen ndiye aliyejua kuliunganisha, kwa hiyo nikamtazama, na akaanza kukohoa kile kikohozi chake. Alimwambia Morup ukweli wa chumba changu tangu baridi ya mwaka jana. Anasema Morup alisikiliza yote, kisha akauliza, "Tundu la moshi bado lipo, au wameliziba?"

Tukalipandisha bomba. Likaingia kwenye tundu bila kukwaruza, shibiri moja na vidole vitatu, kwa shibiri yangu mimi. Moshi ukapanda wote ukatoka. Tukaonana nyuso. Yangdol akasema, "Kumbe tumezeeka hivi."

Sasa sikiliza vizuri, ndiyo maana nimeandika. Kabla hatujaliunganisha jiko, kati ya zile kuta nilikuta amejaza soksi, na katikati ya soksi vikombe viwili. Kimoja ni chake, chenye ufa. Kingine ni cha mbao, mdomo wake ni wa fedha, ndani kimezungushiwa kitambaa ili kisikwaruzwe.

Paka wa Chorol hana kosa.

Mtu anayehama na kumwacha mkewe habebi kikombe cha mkewe. Alikuwa anakuleta. Alisema barafu si ya watu wa Leh kwa sababu ndivyo alivyokuwa, tangu mdogo akitaka kukupa kitu anakwambia kwanza hupati. Nilipokiona nililia, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia. Walama watanisamehe. Amefika bwana, mvua haimnyeshei tena.

Mzigo wake umefika na umefunguliwa. Joho nimempa Rinchen, suruali yake ilikuwa imechanika makalioni pale alipoanguka.

Mzigo wako sijaufungua. Mtu hafunguliwi mzigo akiwa njiani. Kwa desturi ya kwenu na ya kwetu wewe umeshaondoka Leh, na kilichoondoka hakirudi, kinakwenda mbele tu. Kwa hiyo sikushawishi uje, wifi. Nakukumbusha tu kwamba umeshaanza. Lori la kwanza ni Juni, lakini usije na lori. Ukija majira ya joto nitakupa mundu. Kanda hilo goti, njoo mto ukiganda.

Moto hauzimwi. Yangdol na watu wake wamehamia kwangu mpaka theluji iyeyuke, anasema jiko langu ni zuri kuliko lake, na anasema hivyo kila siku ili nichoke. Kikombe chako kiko rafuni, nakipaka siagi kisipasuke.

Kuhusu mahali pa kukaa, nimekuwekea wa pili kutoka kwenye jiko, alipokuwa anakaa mama na sufu yake. Najua utakataa, najua utataka kwenda kukaa kule mwisho, ukutani, mahali pa Morup. Usijisumbue. Pale nimekaa mimi, na sisogei.

Putit